Mwongozo Kamili wa Kumsaidia Mtoto Kukusanya Sarafu za Ukumbusho na Kuisoma Historia Iliyomo Ndani Yake

Mtoto anapokuletea sarafu yenye picha asiyoifahamu na kukuuliza, "Huyu ni nani, na kwa nini wamemweka hapa?", basi ameshaanza kazi ya mkusanyaji, na anayehitaji kujiandaa sasa ni wewe mzazi, mlezi au mwalimu wake. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili yako. Unaeleza namna ya kuanzisha mkusanyo wa sarafu za ukumbusho pamoja na mtoto wa umri wa shule ya msingi, namna ya kuzisoma, kuzitunza na kuzifuatilia hadi kwenye matukio yaliyozizaa.

Niseme mapema jambo ambalo mwongozo wote huu umejengwa juu yake. Sarafu ya ukumbusho ni kauli ya serikali iliyoitoa. Kuna watu waliokaa wakachagua tukio hili likumbukwe na lile liachwe, uso huu uonekane na ule usionekane, na mtoto akizoea kuiuliza sarafu maswali kuhusu uchaguzi huo, atakuwa amejifunza kusoma historia kwa jicho la kuchunguza akiwa bado mdogo sana.

Kabla ya yote: umri na usalama

Mtoto ambaye bado anatia vitu mdomoni asiachiwe sarafu hata moja, na kama nyumbani yupo mdogo wa namna hiyo, boksi la mkusanyo la mkubwa wake likae juu, mahali asipoweza kulifikia. Mtoto akimeza sarafu apelekwe hospitali akachunguzwe, hata kama anaonekana hana shida yoyote. Zaidi ya hapo, ipo hatari ambayo wazazi wengi hawaitambui: betri bapa za mviringo zinazotumika kwenye saa, rimoti na midoli hufanana mno na sarafu, na betri ya aina hiyo ikinasa kwenye umio inaweza kuunguza nyama za ndani katika muda wa saa mbili tu. Betri kama hizo zisikae kamwe kwenye droo moja na sarafu, na mtoto afundishwe tangu siku ya kwanza kuitambua betri kwa alama yake ya kujumlisha.

Sarafu zilizopita mikononi mwa watu wengi ni chafu, kwa hiyo mikono ioshwe baada ya kuzishika. Ioshwe na kukaushwa kabla ya kuzishika pia, kwa sababu nitakayoieleza mbele.

Hatua ya kwanza: jueni mnachokusanya

Sarafu ya ukumbusho ni ile iliyotengenezwa kwa heshima ya tukio, mtu, mahali au taasisi, na kwa hiyo picha yake hutofautiana na ile ya sarafu za kawaida za nchi hiyo. Ndani ya jina hilo moja kuna makundi ambayo ni lazima yatofautishwe mapema, kwani wanaoanza hupoteza pesa nyingi kwa kuyachanganya.

Zipo sarafu za ukumbusho zinazoingia kwenye mzunguko na kutumika dukani kama nyingine zote. Mfano mzuri ni sarafu za euro 2, ambazo nchi za kanda ya euro zilianza kuzitolea matoleo ya ukumbusho mwaka 2004. Ugiriki ndiyo iliyotangulia, kwa sarafu ya Michezo ya Olimpiki ya Athens yenye picha ya mrusha kisahani. Sarafu hizo ni fedha halali katika kanda nzima, na mtu anaweza kuikuta moja katika chenji yake bila kulipa chochote zaidi ya thamani iliyoandikwa.

Zipo pia zile zinazotengenezwa kwa ajili ya wakusanyaji peke yao, mara nyingi kwa madini ya fedha au dhahabu, ambazo huuzwa kwa bei inayozidi thamani iliyoandikwa juu yake. Utaratibu huu si wa leo. Sarafu ya kwanza ya ukumbusho ya Marekani, nusu dola iliyotolewa mwaka 1892 kuadhimisha miaka 400 ya safari ya baharia Columbus kwenda Amerika, iliuzwa kwa dola moja nzima ili kuchangia maonyesho makubwa ya Chicago, na nyingi zilizokosa wanunuzi ziliishia kuingizwa kwenye mzunguko kwa thamani ya nusu dola ileile.

Kundi la mwisho si sarafu kabisa, ingawa linafanana nazo: medali na vipande vya kampuni binafsi vinavyong'aa na kupambwa kwa sura za watu mashuhuri. Mfundishe mtoto kutafuta vitu viwili kwenye sarafu yoyote ya kisasa, yaani jina la nchi na thamani ya fedha. Vikikosekana vyote viwili, mlicho nacho ni medali, na medali si kitu kibaya, ila haipaswi kununuliwa kwa jina la sarafu.

Hatua ya pili: tafuteni uzi wa kuufuata

Mkusanyo usio na mpaka humchosha mtoto haraka. Kaa naye, mpeni mkusanyo wake uzi mmoja, na uzi huo atoe yeye mwenyewe hata kama wewe ungependelea mwingine. Anayependa michezo anaweza kufuata Olimpiki, kuanzia sarafu ya markka 500 ya Finland iliyotolewa kwa ajili ya Helsinki 1952, akaja kwenye sarafu za fedha za Japani za Tokyo 1964, hadi ile ya Athens niliyoitaja. Anayependa wanyama atafurahia sarafu za Kanada za mwaka 1967, pale nchi hiyo ilipotimiza miaka 100 ya shirikisho lake na kuweka sungura, mbwamwitu, bata bukini na viumbe wengine kwenye sarafu zake za kila siku. Tanzania nayo ilitoa mwaka 1974 sarafu za kuhimiza uhifadhi wa wanyamapori, zikiwa na twiga na kifaru.

Uzi wa uhuru na mabadiliko ya kisiasa una utajiri wa pekee kwa mtoto wa Afrika. Kenya ilipotimiza miaka 40 ya uhuru mwaka 2003 ilitoa sarafu ya shilingi 40 yenye sura ya Rais Mwai Kibaki. Thamani hiyo isiyo ya kawaida humshtua mtoto papo hapo, kwa kuwa nani aliwahi kuona shilingi 40 kwenye sarafu moja? Akielezwa kwamba namba hiyo ni hesabu ya miaka tangu tarehe 12 Desemba 1963, hataisahau tena. Afrika Kusini ilitoa sarafu ya randi 5 mwaka 1994 kwa kuapishwa kwa Nelson Mandela, ikamweka yeye mwenyewe kwenye randi 5 ya mwaka 2000, na ikaadhimisha miaka yake 90 kwa sarafu nyingine mwaka 2008. Sarafu hizo zikipangwa pamoja humwonyesha mtoto namna taifa linavyomkumbuka mtu yuleyule kwa nyakati tofauti.

Kwa mtoto anayependa kumaliza alichokianza, mfululizo wenye idadi inayojulikana ndio unaofaa zaidi. Kati ya mwaka 1999 na 2008 Marekani ilitoa robo dola 50, moja kwa kila jimbo, tano kila mwaka, kwa kufuata mpangilio wa majimbo hayo kuingia katika muungano: Delaware ikaanza, Hawaii ikafunga. Ukizipanga sarafu hizo mezani kwa mfuatano, umepanga historia ya nchi hiyo kupanuka.

Hatua ya tatu: kuzipata

Anzeni na zilizopo. Chenji za nyumbani, mikebe ya sarafu ya bibi na babu, mifuko ya ndugu waliorudi kutoka safari, vyote hivyo vipekuliwe kabla ya kununua chochote. Mtoto anayeomba sarafu kwa shangazi au mjomba hupata pia habari ya mahali ilikotoka, na habari hiyo iandikwe siku hiyohiyo, kwa kuwa baada ya miezi miwili itakuwa imeshafifia.

Kubadilishana na watoto wengine ni njia nzuri, mradi kila upande ujue unachotoa, na mtu mzima awepo. Mkifikia kununua, nunueni kutoka benki kuu, viwanda rasmi vya sarafu au wauzaji wanaofahamika, na mwepukeni muuzaji anayesema sarafu itapanda bei. Maneno hayo hayana nafasi katika mkusanyo wa mtoto.

Hatua ya nne: kuisoma sarafu

Hapa ndipo ningependa msomaji atumie muda mwingi kuliko hatua nyingine zote. Nitaonyesha kwa sarafu moja ambayo imetengenezwa kwa wingi mno kiasi kwamba haimtishi mtu kuishika: robo dola ya Marekani ya miaka 200 ya uhuru.

Mtoto aishike kwa ukingo, kati ya kidole gumba na cha shahada, chini ya mwanga unaotoka ubavuni, akiwa na kioo cha kukuzia. Aanze na upande wa kichwa. Ataona sura ya George Washington ikitazama kushoto, neno LIBERTY juu yake, na chini ataona kitu cha ajabu: badala ya mwaka mmoja kuna miaka miwili, 1776–1976. Mwulize kwa nini. Mwache ahesabu mwenyewe apate 200. Nyuma ya shingo ya Washington anaweza kuikuta herufi ndogo sana, D au S, ambayo ni alama ya kiwanda, D ikiwa ya Denver na S ya San Francisco. Kama hakuna herufi, sarafu hiyo ilipigwa Philadelphia.

Aigeuze. Upande wa pili una mpiga ngoma aliyevaa mavazi ya karne ya 18, na juu kushoto kuna mwenge uliozungukwa na nyota. Azihesabu nyota. Ni 13, idadi ya makoloni yaliyotangaza uhuru kutoka Uingereza. Chini ya mwenge kuna maneno ya Kilatini, E PLURIBUS UNUM, yaani kutoka wengi, mmoja. Mtoto akishaunganisha nyota 13 na maneno hayo, ameisoma hoja nzima ya sarafu bila kufungua kitabu.

Kisha ukingo, ambao wengi huusahau. Ukingo wa robo dola una mistari midogo iliyosimama, na katikati yake unaonekana utepe wa rangi ya shaba. Utepe huo unatokana na tukio jingine kabisa: kuanzia sarafu za mwaka 1965 Marekani iliondoa madini ya fedha kwenye robo dola zake na kuanza kutumia kiini cha shaba kilichovikwa mchanganyiko wa shaba na nikeli. Na kama mtoto ni mdadisi, mpe kitendawili hiki: atafute robo dola ya Marekani yenye mwaka 1975. Hataipata, kwa sababu sarafu za ukumbusho zenye miaka miwili zilipigwa katika mwaka 1975 na 1976, na hakuna robo dola iliyowekewa tarehe ya 1975 peke yake.

Utaratibu huohuo utumike kwa kila sarafu: upande wa kichwa, upande wa pili, ukingo, tarehe, alama ndogo, halafu umbo. Umbo nalo husema. Peni 50 ya Uingereza ina pembe saba, lakini pande zake zimepindwa kidogo kwa namna ambayo upana wake haubadiliki popote unapoupima, ndiyo maana inapita kwenye mashine bila kukwama. Mpe mtoto rula mbili azisimamishe sambamba na kuiviringisha sarafu katikati yake. Ataona kwa macho yake kwamba rula hazisogei. Toleo la mwaka 1973 la sarafu hiyo lina mikono tisa iliyoshikana katika duara, ambayo ni nchi tisa za Jumuiya ya Kiuchumi ya Ulaya baada ya Uingereza, Ayalandi na Denmark kujiunga tarehe 1 Januari mwaka huo. Mtoto anayejua kwamba Uingereza baadaye ilijitoa katika umoja huo ataitazama ile mikono kwa namna nyingine.

Hatua ya tano: kwenda nyuma ya picha

Baada ya kuisoma sarafu yenyewe, mtafute tukio. Maktaba, ensaiklopidia, tovuti za benki kuu na za viwanda vya sarafu ndiyo mahali pa kuanzia, kwani watoaji wa sarafu huchapisha maelezo rasmi ya kila toleo. Maelezo hayo yasomwe, ila yasiwe mwisho. Mtoto ajifunze kuuliza maswali manne: nini kilitokea, lini kilitokea, nani alitoa sarafu hii na miaka mingapi baada ya tukio, na nani hayupo kwenye picha.

Swali la tatu lina mfano mmoja wa kale ambao sijaona mtoto asiyevutiwa nao. Tarehe 15 Machi mwaka 44 KK, Julius Caesar aliuawa mjini Roma na kundi la maseneta, Brutus akiwa miongoni mwao. Mwaka 42 KK, Brutus akiwa vitani, alitoa dinari ya fedha yenye sura yake upande mmoja, na upande wa pili majambia mawili na katikati yake kofia ambayo Warumi walimvika mtumwa aliyeachwa huru. Chini yake kumeandikwa EID MAR, yaani siku ile ya katikati ya Machi. Sarafu hiyo mtaiona kwenye picha za makumbusho tu, lakini mwulize mtoto: aliyeitoa alitaka watu waliite tukio hilo nini, mauaji au ukombozi? Kofia inajibu.

Swali la nne ni gumu zaidi na ndilo ninalolipenda zaidi. Baada ya Warumi kuiteketeza Yerusalemu mwaka 70 BK, Kaisari Vespasian alitoa sarafu zilizoandikwa IVDAEA CAPTA, Yudea iliyotekwa, zikiwa na mwanamke anayelia chini ya mtende. Huyo mwanamke ni taifa zima lililoshindwa, limechorwa na aliyelishinda. Ile nusu dola ya Columbus ya mwaka 1892 nayo ina sura ya Columbus upande mmoja na jahazi lake upande wa pili, wala hakuna mahali palipoachwa kwa watu aliowakuta huko. Mtoto wa miaka tisa anaweza kabisa kuliona pengo hilo akiulizwa kwa upole na kupewa nafasi ya kufikiri. Usimpe jibu. Mwache aseme yeye nani angepaswa kuwemo, na kama anapenda kuchora, achore sarafu yake mwenyewe ya tukio hilohilo.

Sarafu nyingine zinahitaji utulivu wa aina tofauti. Kanada ilitoa mwaka 2004 senti 25 yenye ua jekundu katikati, rangi halisi iliyopakwa juu ya chuma, nayo ilikuwa sarafu ya kwanza ya rangi kuingia katika mzunguko wa kawaida duniani. Ua hilo ni la kuwakumbuka askari waliokufa vitani. Vilevile nusu dola ya Marekani yenye sura ya Rais Kennedy, iliyotolewa mwaka 1964 baada ya rais huyo kuuawa tarehe 22 Novemba 1963, haikuzunguka sana madukani kwa sababu watu waliiweka majumbani kama kumbukumbu. Mweleze mtoto kwamba hapo watu walikuwa wanaomboleza, na aizungumzie sarafu hiyo kwa heshima hiyo.

Hatua ya sita: kadi ya kila sarafu

Kila sarafu iwe na kadi yake, iliyoandikwa kwa mkono wa mtoto. Kadi ibebe nchi, thamani, mwaka, tukio linalokumbukwa, madini kama yanajulikana, uzito na kipenyo kama mnaweza kuvipima, mahali na siku ilikopatikana, na aliyeitoa. Nyuma ya kadi mtoto aandike aya fupi kwa maneno yake kuhusu historia ya sarafu hiyo. Makosa ya tahajia yaachwe. Namba moja iandikwe kwenye kadi na kwenye kifuko cha sarafu, na orodha ya namba zote itunzwe kwenye daftari, ili kitu kikipotea kijulikane. Sarafu yenyewe isiandikwe chochote wala kubandikwa karatasi.

Hatua ya saba: kushika na kutosafisha

Vidole vina mafuta na jasho, na alama ya kidole ikikaa juu ya sarafu mpya yenye kung'aa inaweza kujichora pale moja kwa moja. Ndiyo sababu mikono ioshwe na kukaushwa kwanza, na sarafu ishikwe kwa ukingo tu, juu ya kitambaa laini kilichotandikwa mezani, ili ikidondoka isiumie. Mtu asizungumze akiwa ameiinamia, kwani vitone vya mate huacha madoa.

Kuhusu kusafisha nina neno moja: msisafishe. Mwanangu alipokuwa na miaka minane alipewa na babu yake sarafu ya fedha iliyokuwa na rangi ya kijivu iliyoiva, yenye kuelekea samawati kwenye kingo. Nikamruhusu aisugue kwa dawa ya meno ili ing'ae. Iling'aa. Tulipoiweka chini ya kioo cha kukuzia tukaona mikwaruzo midogo mamia kwa mamia, yote ikielekea upande mmoja, imepita juu ya uso wa mtu aliyechorwa na kufuta kope na nywele zake. Ile rangi ilikuwa imejijenga kwa miaka mingi juu ya madini, na hairudishwi kwa njia yoyote. Sarafu hiyo bado tunayo, na mwanangu amelieleza tukio lenyewe kwenye kadi yake.

Sarafu ya kawaida iliyotoka kwenye mzunguko ikiwa na gundi au utelezi inaweza kulowekwa kwenye maji safi, ikatolewa na kukaushwa kwa kubonyezwa taratibu ndani ya kitambaa laini bila kusuguliwa. Zaidi ya hapo isiguswe. Ndimu, siki, majivu na dawa za kung'arisha vyombo vyote vinakula chuma.

Hatua ya nane: mahali pa kulala

Adui wa sarafu ni unyevu, joto linalopandashuka, na kemikali zinazotoka kwenye vitu vinavyoizunguka. Plastiki laini ya PVC, ile yenye harufu kali ya kitu kipya, ndiyo mbaya kuliko zote, kwani baada ya muda hutoa utando wa kijani unaonata na kula uso wa sarafu. Tafuteni albamu au vifuko vilivyoandikwa kwamba havina PVC, au fremu ndogo za kadibodi zenye dirisha la plastiki ngumu na angavu. Raba za kufungia zisikaribie sarafu za fedha, kwa sababu salfa iliyomo huzitia weusi, na mabunda ya magazeti pamoja na masanduku ya mbao mbichi yaepukwe pia.

Albamu isimame kwenye kabati kavu la ndani ya nyumba, mbali na jiko, bafu na dirisha lenye jua. Vile vipakiti vidogo vya kufyonza unyevu vinavyopatikana kwenye maboksi ya viatu vinafaa kuwekwa pembeni ya albamu, mradi viwe mbali na watoto wadogo na vibadilishwe mara kwa mara. Sarafu zisirundikwe ndani ya mkebe mmoja, kwani zikigongana huchubuana.

Hatua ya tisa: bandia, bei na wingi

Sarafu inayosemekana kuwa ya fedha au dhahabu ijaribiwe kwanza kwa sumaku. Madini hayo mawili hayavutwi na sumaku, kwa hiyo ikinata, si ya madini hayo. Isiponata bado hamjapata uhakika, maana metali nyingine nyingi hazinati pia, na hapo ndipo mizani ndogo ya gramu na rula vinaposaidia. Linganisheni uzito na kipenyo na takwimu rasmi za toleo hilo. Robo dola niliyoieleza, kwa mfano, ina uzito wa gramu 5.67 na kipenyo cha milimita 24.3. Tofauti ndogo inaweza kutokana na kuchakaa, ila tofauti kubwa ni dalili ya kughushiwa. Herufi zilizofura, vijishimo usoni na mshono kwenye ukingo ni dalili nyingine.

Mtoto atauliza tu, "Hii ni ya shilingi ngapi?", na ajibiwe kwa ukweli. Bei hutegemea idadi iliyotengenezwa, hali ya sarafu na wingi wa wanaoitafuta, wala umri pekee hautoshi. Robo dola za mpiga ngoma zilipigwa zaidi ya bilioni 1.6 kwa ajili ya mzunguko, na kwa hiyo nyingi hazina bei zaidi ya ile iliyoandikwa. Kwa upande mwingine, peni 50 ya Uingereza ya mwaka 2009 yenye picha ya mnara wa bustani ya Kew, iliyoadhimisha miaka 250 ya bustani hiyo, ilitengenezwa 210,000 tu kwa ajili ya mzunguko, na wakusanyaji wanaisaka hadi leo. Mtoto akishazilinganisha hizo mbili ameelewa jambo lote la bei, na mazungumzo yanaweza kurudi kwenye historia.

Ukaguzi wa kila nusu mwaka

Mara mbili kwa mwaka toeni mkusanyo wote mezani. Tazameni kila sarafu chini ya mwanga kama ina doa la kijani au jeusi lililoongezeka, na ile yenye doa itengwe na kuhamishiwa kwenye kifuko kipya. Halafu mtoto asome kadi zake kwa sauti, kuanzia ile ya zamani kabisa. Atataka kubadilisha nyingi, na abadilishe, lakini kadi ya kwanza ibaki nyuma ya mpya ndani ya kifuko hichohicho.

Kadi ya kwanza ya binti yangu kuhusu ile robo dola, aliyoiandika akiwa na miaka minane, inasema kwamba mpiga ngoma anapiga kwa sababu watu wanasherehekea. Ya pili aliiandika akiwa na miaka kumi na mmoja, baada ya kusoma kwamba katika majeshi ya karne ile ngoma ndiyo iliyopeleka amri kwa askari katikati ya kelele za vita, wasonge mbele, wasimame au warudi nyuma. Chini kabisa ameongeza mstari mmoja kwa penseli: "Nitafute wapiga ngoma walikuwa na umri gani."